Ua la Taita: Kata Miti, Stori Imeisha

Buda, ushawahi kucheki violeti ya Afrika, yale maua ya zambarau watu huweka kwa dirisha? Mnamo 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ujerumani kutoka Usambara, Tanzania ya leo. Siku hizi yanauzwa dunia mzima.

Sasa cheki hii. Kenya tuko na ndugu yake, Saintpaulia teitensis, na porini anapatikana mlima mmoja tu: Mbololo, Taita. Anashikilia mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Miti ikikatwa, jua linachoma, mawe yanakauka, ua linakufa. Hakuna mlima mwingine wa kukimbilia.

Ukipanda Mbololo, piga picha usepe. Usiling'oe, msee.