Nyimbo za kazi: Safari kutoka shambani hadi jukwaa la kwaya

Na Mwandishi Wetu

KABLA ya trekta na pawatila kuingia vijijini, mkulima alimaliza eka yake kwa vitu viwili: jembe na wimbo. Jembe bado linauzwa katika kila gulio. Wimbo ndio unaozidi kukosa mahali pa kuimbwa.

Mfano ulio wazi nchini ni wa Wasukuma. Asili yao ni kusini mwa Ziwa Victoria, lakini kwa miongo kadhaa wengi wao wamehama na mifugo hadi mabonde ya kusini, likiwamo la Ziwa Rukwa. Kamsamba, wilayani Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, imo katika bonde hilo la wakulima wa mpunga, ambako Wanyamwanga na Wawanda ni wenyeji.

Mtu anapohama hubeba ng'ombe, mbegu na vyombo vyake. Wimbo wa kazi hauhamishiki hivyo, kwa kuwa unahitaji kikundi kizima na kazi yenyewe.

Kwa desturi ya Wasukuma, mwenye shamba kubwa hualika kikundi cha kulima na kukilipa kwa chakula, pombe au mifugo. Wanachama hujipanga mstari mmoja. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na majembe hushuka kwa pamoja kufuata ngoma.

Mpango huo ulikuwa na faida iliyo dhahiri. Mdundo ulilinganisha mikono, hivyo mvivu alionekana mara moja na mwenye nguvu hakuwaacha wenzake mbali. Aidha, uchovu ulisahaulika kwa kuwa akili ilikuwa katika maneno ya wimbo.

Maneno hayo yalikuwa pia gazeti la kijiji. Manju alisifu na kukejeli, akataja njaa, kodi, mapenzi na maovu ya wakubwa, mambo ambayo mtu asingethubutu kuyasema barazani bila kuadhibiwa.

Si wakulima pekee walioimba. Wapagazi waliobeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa na nyimbo zao za safari. Vyama vya wacheza na nyoka, bayeye, na vya wawinda nungunungu, banuunguli, navyo vilikuwa na zao. Mtafiti Frank Gunderson wa Marekani alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za aina hiyo na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma.

Kabla yake, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali. Miaka minne baadaye alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, ambako sauti hizo zimehifadhiwa.

Jambo hili halikuanzia Afrika. Huko Uingereza, viwanda na mashine vilipobadili maisha ya vibarua wa mashambani, nyimbo zao zilianza kutoweka. Mwaka 1903, mwalimu wa muziki Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani aitwaye John England akiimba kazini katika kijiji cha Hambridge, mkoani Somerset. Aliuandika wimbo huo, akautungia muziki wa piano, na jioni ya siku hiyohiyo ukaimbwa mbele ya wanakwaya.

Imeandikwa kuwa mmoja wa wasikilizaji alisema wimbo huo ulikuwa umevishwa nguo za karamuni kwa mara ya kwanza. Kauli hiyo ya utani ndiyo kiini cha mjadala uliofuata.

Sharp alikusanya nyimbo karibu 5,000, za Uingereza na za milima ya Appalachia nchini Marekani, na nyingi zikawa chakula cha kwaya na cha shule. Hata hivyo, wakosoaji walisema alipenda wimbo wa kijijini na kuusahau wa mgodini na kiwandani. Pengo hilo lilianza kuzibwa na A. L. Lloyd, aliyechapisha nyimbo za wachimbaji wa makaa ya mawe mwaka 1952.

Kwaya nayo ina mapato na hasara zake. Inapopanga wimbo wa kazi kwa sauti nne, huuokoa usife na kuupeleka kwa watu wa mjini ambao hawakuwahi kushika jembe. Lakini wimbo ulioandikwa kwenye karatasi hauna nafasi ya manju kuchomeka jina la mvivu wa leo, wala dhihaka kwa mkubwa wa leo. Unabaki mtamu, ila umeng'olewa meno.

Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, imepita njia hiyo. Leo huonekana zaidi katika sherehe na maonyesho, ikiwamo kwenye makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Lakini huko ushindani wa makundi ya Bagalu na Bagika umeendelea kuwapa manju sababu ya kutunga maneno mapya.

Sheria nayo inahusika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi, na inataka kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Ulinzi huo ni mgumu kuutekeleza iwapo hakuna aliyeandika wimbo ulitoka wapi.

Kwa hiyo, kwaya inayochukua wimbo wa shambani ina wajibu mdogo lakini mzito: kutaja kijiji ulikotoka, kazi iliyoambatana nao na, pale anapojulikana, jina la manju aliyeutunga. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka, na wakishaondoka hakuna karatasi ya noti itakayoyajibu.