Kumzoeza Sungura Ubao wa Kupandia

Vikundi vingi sasa vimeinua vizimba vya sungura juu ya nguzo, na ni vizuri. Lakini sungura tunayemshusha mchana ale nyasi hukataa kupanda ubao jioni, na watoto humvuta kwa masikio. Tafadhali, tuache hiyo tabia! Akirusha mateke anaweza kuvunjika uti wa mgongo, na kikundi kimepoteza mzazi.

Mara nyingi makosa si yake. Unyayo wake ni manyoya matupu, huteleza kwenye ubao laini. Tuulaze ubao zaidi, tupigilie fito za kukanyagia. Jioni, akiwa na njaa, tuweke majani machache ya viazi vitamu, leo chini, kesho juu kidogo. Mwenye mimba abaki ndani mpaka azae.