Ziwa Edouard: Usiku kiboko alipotufungia njia

Sikuwa mvuvi mwenye nyavu zangu. Kyavinyonge, kwenye ufuko wa ziwa Edouard, kazi yangu ilikuwa kuongoza wavuvi wapya: kuwaonyesha pa kutega, pa kupitia, na hasa sehemu ambazo mbuga ya Virunga imekataza kuvua, kwani ndimo samaki wanamozaliana.

Usiku huo nilikuwa na vijana wawili. Saa kumi ya usiku tulikuwa tunavuta nyavu karibu na ufuko. Maji yalikuwa yametulia, tilapia wanaingia vizuri, hata kijana mmoja akaanza kuhesabu pesa kwa sauti. Mara nikaona kitu cheusi upande wa nchi kavu. Nikadhani ni mtumbwi uliopinduka. Nikawaambia vijana wapige kasia, tukaokoe watu. Mimi kiongozi, ndiye niliyewapeleka pale.

Ule "mtumbwi" ukapumua.

Alikuwa kiboko jike, na pembeni yake kichwa kidogo cha mtoto. Sisi tulikuwa tumemfungia njia ya kwenda kwenye maji marefu. Alifungua kinywa, kisha akazama, na hapo ndipo hofu ilinishika kweli, maana ukimuona unajua aliko. Mtumbwi uliinuka upande wangu, ubao ukapasuka. Kijana mkubwa akataka kuruka, nikamshika shati. "Papa, tunakufa!" Nikakata kamba ya nyavu, tukapiga kasia kando kando ya ufuko ili kumwachia njia. Tulifika nchi kavu maji yakiwa magotini, kijana mdogo akiyatoa kwa bidoni iliyokatwa. Nyavu zilipotea. Deni lake nililipa kwa miezi mingi.

Asubuhi mzee mmoja hakunipa pole. Aliniuliza kama nilikuwa ninagonga mtumbwi. Zamani, alisema, walipiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia kila mara, ili kiboko asikie na ajitokeze mapema. Mimi sikufundishwa, na sishangai: miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20.000, lakini vita na ujangili viliwamaliza hadi wakabaki mamia tu kufikia mwaka wa 2006. Rika langu lilijifunza ziwa lisilo na viboko. Tena mavi yao ndiyo yanarutubisha maji, na maji hayo yanalisha tilapia tunaowavua.

Mwezi wa nne 2025, upande wa mto Ishasha, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa ugonjwa wa kimeta. Nilipoisikia habari hiyo nilifikiri nitafurahi, kwa ajili ya zile nyavu. Sikufurahi. Nilimkumbuka yule mtoto.

Kijana wangu mdogo sasa ana mtumbwi wake mwenyewe. Ukiwa ufukoni usiku unamsikia akigonga, hata pale ambapo hakuna kitu.