Maji ya Sukari Hayalei Makinda ya Chozi

Kila mwaka mwezi Septemba, mvua za vuli, ambazo Wanyarwanda huziita umuhindo, zinapoanza Kigali na mbayuwayu wa Ulaya wanapowasili wakikimbia baridi ya kwao, wenye bustani hurudia swali lilelile: chozi awekewe maji ya sukari kiasi gani, na yatiwe rangi nyekundu ipi? Swali hilo limepotoka tangu mwanzo, kwa sababu limejengwa juu ya dhana kwamba ndege huyu huishi kwa utamu peke yake.

Desturi ya kuning'iniza chupa nyekundu ilitoka Amerika, wanakoishi kolibri, ndege wadogo wanaokunywa huku wakielea hewani. Chozi ni wa ukoo mwingine kabisa, naye kwa kawaida hunywa akiwa ametua kitawini. Rangi haina faida yoyote kwa mwili wake, na maji yenyewe, yakiachwa juani, huchacha na kuota kuvu upesi. Lakini kosa kubwa zaidi liko kwenye lishe. Mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, humpa ndege mzima nguvu ya kuruka, ila karibu haina protini, na kinda hawezi kuota misuli wala manyoya bila protini. Ndiyo maana chozi huwalisha makinda yake buibui, viwavi na wadudu wengine wadogo. Hata kwera, anayejulikana kwa kula nafaka, hulea makinda yake kwa wadudu. Basi mtu anayetundika chupa ya sukari asubuhi na kupulizia maua dawa ya wadudu jioni amewanyima makinda chakula, na hapaswi kujiita mfugaji wa ndege wala rafiki yao.

Wanaotetea meza za kulishia ndege nafaka na mkate wakumbuke Uingereza, ambako tangu 2005 ugonjwa wa trikomona, unaoletwa na kijidudu cha seli moja kinachoshambulia koo, umewapunguza sana chiriku wa kijani, huku msongamano wa ndege kwenye vyombo vya kulishia ukirahisisha maambukizi. Kigali haina sababu ya kuiga hatari hiyo, kwani mvua inapokatika na kumbikumbi wakatoka ardhini kwa wingi, mwewe, kunguru, shore na mbayuwayu hushiba pamoja bila kuandaliwa chochote na binadamu.

Anayetaka kuwatazama ndege wakila na aache kupuliza dawa, apande mti wa umuko au aiache migomba itoe maua, asifagie majani yote chini ya miti, aweke sinia la maji ya kina kifupi na kuyabadilisha kila siku, kisha akae mbali na darubini; asiye na bustani aende hifadhi ya Nyandungu, jijini Kigali. Hatua hizi hazina gharama kubwa, na zinalisha makinda, jambo ambalo chupa ya sukari haitaliweza kamwe.