Hakuna Aliyeachwa Yaeda Chini

Swali huwa lile lile: "Mwalimu, kwa hiyo Wahadzabe ndio watu wa kale waliobaki, wenzao walipohama?" Nimelijibu Haydom, nimelijibu Katesh, nimelijibu hadi msibani, sahani ya wali mkononi. Hapana.

Wanaouliza wanaona kama basi la Dongobesh: limeondoka alfajiri, waliochelewa wamebaki stendi. Kuhama kwa mababu hakukuwa safari, na hakuna aliyefunga mzigo. Piga hesabu mwenyewe. Ukoo ukisogea kilomita 10 kila kizazi cha miaka 25, kwa kufuata maji na mawindo tu, baada ya miaka 12,500 umemaliza kilomita 5,000. Ndio takribani umbali, kwa mstari ulionyooka, wa kutoka Mbulu hadi Dmanisi, Georgia, yalikofukuliwa mabaki ya watu wa takribani miaka milioni 1.8 iliyopita. Njia nzima hakuna aliyejua kwamba anahama.

Kilichowasogeza ni maji. Tazama Balangida, chini ya Mlima Hanang: ziwa lisilo na mto wa kutokea. Mvua zikizidi linatanda, zikikatika inabaki chumvi. Ziwa Eyasi vivyo hivyo. Ufa ule wa Bonde la Ufa ndio uliochimba mabeseni hayo, kwa milimita chache kwa mwaka. Haukupasuka usiku mmoja kama mnavyosimuliana. Hata aliyegoma kuinua mguu, ardhi ilimbadilikia hapo hapo alipokaa. Huko Sahara nako, enzi za mvua njia ya kaskazini ilifunguka, enzi za ukame ikafungwa. Watu walikwenda, na wengine wakarudi.

Sasa huyo Mhadzabe unayemwita wa kale. Anafua kichwa cha mshale kwa msumari wa dukani, bila moto, anagonga tu mpaka uwe bapa. Lugha yake haijapata ndugu aliyethibitika, basi watu wanadhani ndiyo lugha ya kwanza. Lugha isiyo na ndugu ni yatima, siyo bibi! Na kama ukoo wake uliachana na wako makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, basi na wako uliachana na wake siku ile ile. Miaka mliyoishi tangu hapo ni sawa. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, si zake zaidi ya zilivyo za Mwiraqw, Mbarbaig au Mnyiramba.

Haya, la kufanya, maana najua mtauliza. Ukikuta korongoni jiwe lililochongwa au mfupa uliogeuka jiwe, usichimbe wala usibebe: piga picha, weka alama, kamwambie mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Ukitaka kuona kwa macho, nenda makumbusho ya Olduvai, au michoro ya miambani Kolo, Kondoa. Na ukifika Yaeda Chini, kwa Wahadzabe, usimwombe mzee wa watu avue shati avae ngozi ya nyani ili upate picha. Shati ni lake.