Kasoro za picha na video: Bidhaa isiyo na gunia, bei yapaa

Na Mwandishi Wetu

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea kupata bei za kahawa, pamba, korosho na dola. Lakini iko bidhaa nyingine isiyo na gunia wala mnada wa hadhara, ambayo bei yake imepaa katika miaka kumi iliyopita. Hiyo ni siri ya namna ya kuingia katika simu ya mtu bila yeye kujua. Mara nyingi mlango wa kwanza ni kasoro katika programu za kufungulia picha na video.

Septemba 2015, kampuni ya Zerodium ilitangaza dau la dola milioni 1 za Marekani kwa atakayeleta njia ya kuingia katika iPhone zenye mfumo wa iOS 9. Septemba 2019 ikapandisha dau hadi dola milioni 2.5 kwa simu za Android, kwa sharti kwamba mwenye simu asibonyeze chochote. Watengenezaji nao wamelazimika kufuata soko. Kampuni ya Apple, ambayo mwaka 2019 ilikuwa na malipo ya juu ya dola milioni 1, Oktoba 2025 ilitangaza kuyafikisha milioni 2, mbali na nyongeza.

Je, kasoro yenyewe ni nini? Chukulia mfano wa ghala. Mteja analeta hati ya mzigo, mwenye ghala anaisoma, anatenga nafasi, kisha mzigo unashushwa. Faili la video nalo lina hati inayotaja ukubwa wa vipande vyake. Programu hujumlisha, hutenga nafasi katika kumbukumbu ya simu, kisha hushusha mzigo.

Tatizo ni kwamba hesabu za kompyuta zina ukomo wa tarakimu. Zikijaa hurudi sifuri, kama mita ya gari iliyopita 99,999. Mwizi huandika hati yenye namba kubwa mno, jumla ikageuka ndogo, nafasi ikatengwa finyu, na mzigo ukamwagikia kwa jirani. Ndani ya mzigo huo uliomwagika ndimo zilimo amri zake.

Hayo si ya kufikirika. Julai 2015, kampuni ya Zimperium ilitangaza kasoro za aina hiyo katika Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia video. Ilikadiriwa kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini, na ujumbe mmoja wa video ulitosha. Septemba 2021, Apple iliziba kasoro iliyogunduliwa na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ambapo faili lililojifanya picha lilipenyeza programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israel. Septemba 2023 ikawa zamu ya picha za WebP. Kasoro moja ikazilazimu Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi kutoa marekebisho, kwa kuwa zote zilikuwa zikitumia fundi mmoja wa kufungulia picha.

Mfanyabiashara wa hapa atauliza, mimi yanihusu nini? Yanamhusu, maana siku hizi simu ni daftari la wadaiwa, ni sanduku la fedha na ndiyo muhuri wa kuidhinishia malipo. Mwenye milioni 2 za dola huenda asimtafute muuza nafaka, lakini kasoro ikishatangazwa huwa si siri tena, na simu isiyopata marekebisho hubaki mlango wazi.

Habari njema zipo. Agosti 2015 Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi. Aidha, kwa kuandika sehemu mpya katika lugha za kompyuta zinazokagua ukubwa wa mzigo, sehemu ya kasoro za kumbukumbu kati ya kasoro zote za usalama za Android imeshuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024.

Lakini marekebisho hayo humfikia tu yule ambaye mtengenezaji wa simu yake bado anayapeleka. Kwa hiyo mnunuzi asiishie kuuliza bei na ukubwa wa kioo. Amuulize muuzaji: simu hii itapata marekebisho hadi mwaka gani? Simu ya bei poa ambayo muda wake umekwisha ni sawa na duka la kodi nafuu lisilo na kufuli, na hasara yake haiandikwi kwenye risiti.