Fundo, Vishanga au Matundu Kumi na Mawili: Pesa ya Gitaa Iende Wapi?

Uzi wa kwanza wa gitaa la nailoni ukichomoka kwenye daraja, hauchomoki kimya. Ncha yake hufyatuka na kuuchapa ubao wa uso, na ubao huo ni mti laini. Tazama gitaa lolote kuukuu, nyuma ya daraja, upande wa nyuzi nyembamba: vile vidonda vidogo vilivyopangana ni kumbukumbu za mafundo mabaya. Kila kimoja kingeepukwa bila mwenye gitaa kutoa hata metikali moja ya Msumbiji.

Siku hizi zinauzwa dawa nyingi za tatizo hilo. Kuna vishanga vya kufungia, kuna nyuzi zenye kidude cha shaba mwishoni, na kuna mafundi wanaotoboa daraja upya. Nimezipima zote nikimfikiria mpigaji wa Mucojo, pwani ya Macomia, kaskazini mwa Msumbiji, kwa sababu hesabu ya mtu wa huko si hesabu ya mtu wa Lisbon. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimeifikia Mucojo zaidi ya mara moja na kuwatawanya watu wake. Katikati ya taabu hiyo, Aprili 2019, kikapita Kimbunga Kenneth. Kifurushi kilichoagizwa ng'ambo kitafika Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, na kutoka hapo ni bahati na barabara. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kipi kinapatikana. Bei inafuata baadaye.

Tuanze na kisichouzwa. Fundo la kawaida hufungwa hivi. Pitisha uzi tunduni kutoka upande wa shimo la sauti, uache mkia wa sentimita nane au kumi nyuma ya daraja. Rudisha mkia juu ya kibao cha kufungia, yaani sehemu ya daraja yenye matundu, upite chini ya uzi wenyewe mbele ya tundu, kisha urudi juu kuelekea nyuma. Hapo mkia unajisokota chini ya kitanzi chake. Nyuzi za besi zinatosheka na msokoto mmoja, kwa kuwa zimevikwa waya na zinashika. Uzi wa tatu na wa pili upe misokoto miwili, na wa kwanza, ulio mwembamba na wenye utelezi, upe mitatu.

Siri yote iko kwenye msokoto wa mwisho. Lazima ubanwe upande wa nyuma wa kibao, chini ya ukingo wake. Ukibaki juu ya kibao, hakuna kinachoukandamiza, na unapokaza utaona mkia unajivuta taratibu, milimita kwa milimita, mpaka unatoweka. Ukiwa nyuma ya ukingo, uzi unaubana mkia dhidi ya mti, na kadiri unavyokaza ndivyo fundo linavyojifunga. Anayetaka usalama zaidi huisogeza ncha ya uzi wa kwanza karibu na moto wa kiberiti mpaka nailoni inajikunja kuwa kitone kigumu. Kitone hicho hakipenyi chini ya kitanzi. Gharama ni njiti moja.

Kasoro ya fundo hili ni moja, nayo ni ya kweli. Kitanzi kinachopita mbele ya tundu huunyanyua uzi kidogo, na pembe ambayo uzi unapanda nayo kuelekea kwenye mfupa wa daraja, kile kijiti ambacho nyuzi hulalia, inapungua. Uzi usioukandamiza mfupa vizuri hutoa sauti iliyolegea, na pengine huvuma. Kwenye gitaa ambalo mfupa wake bado mrefu hutasikia tofauti. Kwenye gitaa ambalo mfupa umesagwa mara kwa mara ili nyuzi zishuke, utaisikia.

Hapo ndipo yanapoingia matundu kumi na mawili. Badala ya tundu moja kwa kila uzi, daraja linakuwa na mawili. Uzi unaingia la kwanza kwenda nyuma, unarudi mbele kupitia la pili, unapanda juu ya kibao, kisha unapita chini ya kitanzi kilichobaki nyuma. Hakuna kinachounyanyua mbele, na pembe inabaki kamili. Kama unanunua gitaa jipya na yapo mawili ya bei moja, chukua lenye matundu kumi na mawili. Kulitoboa gitaa ulilonalo ni shauri jingine. Tundu linapita karibu sana na uso wa gitaa, keekee nyembamba hupinda, na ikiteleza imeharibu ubao ambao thamani yake inazidi daraja zima. Kazi hiyo inataka fundi aliyekwisha kuifanya. Kwa gitaa la bei ya chini, nauli ya kumfuata fundi wa namna hiyo mjini inaweza kukaribia bei ya gitaa.

Vishanga vinatoa faida ileile bila kutoboa. Ni vipande sita vidogo vya plastiki, mfupa au chuma, kila kimoja na matundu mawili au matatu. Kinakaa nyuma ya daraja, uzi unapita ndani yake na kujifunga humo. Pembe inakuwa nzuri, ukingo wa mti haukatwi na nyuzi, na kubadilisha uzi kunakuwa kwepesi. Madukani ng'ambo seti moja ni dola chache kwa vya plastiki, na bei hupanda kwa vya mfupa. Ni kitu kizuri. Hata hivyo sioni sababu ya mtu wa Cabo Delgado kukiagiza kutoka ng'ambo. Mkoa huu ni wa wachonga mpingo wa Kimakonde, na kisiwani Ibo wapo mafundi wa fedha wanaosokota waya mwembamba kuliko uzi wa gitaa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, msasa na keekee ya milimita moja na nusu vinatosha. Mwombe fundi alainishe kingo za matundu, maana tundu lenye makali hukata uzi.

Nyuzi za nailoni zenye kidude cha shaba mwishoni zinamfaa anayeanza au mwenye vidole vizito. Unapitisha, unavuta, kazi imekwisha. Bei yake haitofautiani sana na seti ya kawaida. Ubaya ni kwamba machaguo ni machache, na kidude hicho huuchimba mti wa kibao ukiwa laini. Hatari kubwa zaidi iko dukani: nyuzi za chuma nazo zina kidude kama hicho, na muuzaji asiyejua atakupa hizo. Seti ya kawaida ya nailoni huvuta daraja kwa uzito wa kilo 40 hivi. Seti ya chuma yenye uzi wa kwanza wa inchi 0.012 inavuta zaidi ya kilo 70. Daraja la gitaa la nailoni limeshikwa na gundi tu, na kwenye joto la pwani gundi hiyo huenda isistahimili. Nenda na kisumaku: chuma kitanaswa, nailoni na shaba hazinaswi.

Sasa nyuzi zenyewe, kwa maana huko ndiko pesa inakokwenda mwaka hadi mwaka. Tazama seti ya D'Addario EJ45, ambayo wengi huichukua kama kipimo cha kati: huuzwa ng'ambo, na usafirishaji ni juu yako. Ndani yake, nyuzi tatu nyembamba ni nailoni tupu yenye unene wa milimita 0.71, 0.82 na 1.02. Mvuvi wa Mucojo anaijua nailoni hiyo. Ndiyo mshipi. Nyuzi za nailoni zenyewe zilianza kwa uhaba. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, utumbo wa kutengenezea nyuzi ulipoadimika kwa sababu ulihitajika kushonea majeruhi, fundi Albert Augustine wa New York aligeukia nailoni, na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akaipokea.

Roli ya mita 100 ya mshipi wa milimita 0.70 inatoa nyuzi za kwanza zipatazo 100, mita moja kila uzi. Si kila mita inafaa. Shika kipande kwa mikono miwili, kikaze, kipige kwa dole gumba. Ukiona mistari miwili safi inayotengana, unene wake uko sawa. Ukiona utando uliovurugika, kipeleke kwenye ndoana. Ukipata mshipi wa florokaboni, ule unaozama haraka, chukua mwembamba zaidi, 0.57, 0.66 na 0.82, kwa sababu ni mzito kuliko nailoni. Uzi wa tatu wa florokaboni, kwa sikio langu, unaushinda ule wa nailoni wa dukani, ambao mara nyingi hutoa sauti butu.

Besi haziigizwi. Zina kiini cha nyuzinyuzi laini za nailoni kilichovikwa shaba yenye mng'aro wa fedha, na chumvi ya bahari inazila haraka. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Uzi wa nne ukianza kulika juu ya vipande vya chuma vya shingoni, ufungue na uugeuze, mwisho uende mwanzo, nawe utapata muda mwingine wa kuutumia.

Hukumu yangu kwa mwenye gitaa moja na pesa kidogo ni hii. Fundo sahihi kwanza, bure. Nyuzi nyembamba zitoke kwenye roli ya mshipi. Fedha taslimu ziwekwe kwenye besi, na ukimpata msafiri wa Pemba mwagize seti mbili badala ya moja, maana hujui njia itafunguka lini tena. Vishanga vya mfupa vifuate, vichongwe hukuhuku. Kutoboa matundu kumi na mawili waachie wenye gitaa la thamani na fundi wa kuaminika. Na kama daraja lako limeanza kunyanyuka upande wa nyuma, hata kwa unene wa karatasi, legeza nyuzi zote leo, kabla ya kununua chochote.